Mgeni na maradhi ya zinaa: tumtibu kwanza au tumdai kwanza?

Kuna watu wengi hapa Unguja wanasema mgeni akitaka kupimwa au kutibiwa maradhi ya zinaa kwenye spitali ya serikali basi alipe kama anavyolipa vyengine, kwani mtu analala hoteli ya dola mia mbili kwa usiku halafu aje agombee foleni na mama aliyetoka shamba tangu alfajiri? Na hoja hiyo ina uzito. Dawa za VVU, yaani ARV, kwa miaka mingi tumezitegemea kwa wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kila mtu aliona tulivyo. Wapo pia wanaohofia kwamba tukirahisisha sana itakuwa kama tumeibariki zinaa, nao siwalaumu, huu ni mji wenye dini yake.

Ila mi naona pesa imetushughulisha mno tukasahau saa. Saa 72. Mtu aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu na mtu asiyemjua hali yake, zile dawa za dharura za kuzuia VVU yaani PEP lazima azianze ndani ya saa 72, na kila anavyowahi ndo bora, kisha anywe siku 28 bila kukatisha. Sasa chukua mtu yuko Nungwi, limemkuta usiku wa Ijumaa. Jumamosi yote kajifungia chumbani analia, Jumapili ndo anapata moyo wa kuuliza, anaambiwa nenda mjini, karibu kilomita 60, Jumatatu asubuhi anafika dirishani anatakiwa pasipoti, kisha karatasi ya bima, kisha apige simu bima wathibitishe. Ikifika usiku muda umekwisha, na hakuna risiti itakayourudisha.

Na mgeni si mtalii tu jamani. Ni mpishi Mkenya mwenye kibali cha kazi, ni Mzungu anayefundisha kuzamia ana mwaka wa tano Paje, hawa wanaishi na sisi, wanapendana na watoto wetu, wengine wanaoa na kuolewa hapahapa. Klamidia mara nyingi haina dalili hata moja, kaswende kidonda chake kinapona chenyewe mtu akadhani kapona kumbe iko ndani. Ukimfukuza dirishani kwa sababu ya ada anaondoka nayo, na anayeipata baada yake ni kijana wa Jambiani. Maambukizi ya VVU kwetu kwa jumla hayafiki asilimia 1, hiyo ni neema ya kulindwa.

Uingereza hili walibishana sana. Zamani mgeni alipimwa VVU bure lakini matibabu analipishwa, na waliogopa kwamba wakiachia, dunia nzima itahamia kwao kufuata dawa. Lakini Oktoba 2012 England ikaondoa malipo hayo, na maradhi mengine ya zinaa mgeni anapimwa na kutibiwa bure, awe na viza ya matembezi au vipi. Ndugu zetu walioko London wanafaidika na hilo. Hawakufanya kwa huruma peke yake, mtu anayemeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamuambukizi mwenzake kwa kujamiiana, kwa hiyo kumtibu mgeni ni kumkinga mwenyeji.

Sisemi tumbebe kila mtu kwa kila kitu. Tangu Oktoba 2024 mgeni anaingia na bima ya lazima, dola 44 kwa siku 92, basi spitali ihangaike na bima baadae, mgonjwa keshameza dawa. Anayeishi hapa kwa kibali anaweza kuandikishwa achangie kidogo, na aliyesahau ARV zake kwao apewe za kumfikisha nyumbani. Ila dozi ya mwanzo ya PEP iwepo na kwenye vituo vya afya vya huko huko pwani, Jumapili pia, na anayeitoa asiulize pasipoti.