Je, "hamu na ghamu" ni kosa?

Mwanafunzi anapoandika kwamba alimsubiri mgeni "kwa hamu na ghamu", wapo walimu wanaoipigia sentensi hiyo mstari mwekundu. Hoja yao ni wazi: hamu ni shauku, ghamu ni huzuni, na haieleweki kwa nini mtu amngoje ampendaye akiwa amehuzunika. Huongeza, na hapa wana haki, kwamba wengi wanaotumia msemo huo hawawezi kuitungia ghamu sentensi ikiwa peke yake, kwani wameinasa kwa sababu ya vina tu.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba hamu ilikuwa neno la furaha tangu mwanzo. Sivyo. Katika Kiarabu lilikotoka, neno hili hutaja wasiwasi na dhiki ya moyo, na wapo wanazuoni walioyapambanua majonzi kwa nyakati zake: huzuni ni ya jambo lililopita, ghamu ni ya lililopo, hamu ni ya lile lijalo. Basi maneno haya mawili yalikuwa ndugu wa msiba mmoja kabla hayajafika kwetu. Ghamu, kwa mzizi wake, ina maana ya kufunika, na mawingu yamepata jina lake la Kiarabu kutoka hapo. Ni moyo uliotandwa.

Dhiki iligeukaje kuwa shauku? Mzizi wenyewe ulikuwa na njia zote mbili, maana kitenzi chake hutumika pia kwa kukusudia na kuelekeza moyo kwenye jambo, kama katika aya ya 24 ya Sura Yusuf katika Kurani, inayosimulia jinsi mke wa bwana wake Yusuf alivyomtamani. Hima na muhimu nazo zimetoka papo hapo. Moyo ukishughulishwa na jambo ambalo bado halijafika, ukiliogopa huo ni wasiwasi, na ukilitaka ni shauku. Kiswahili kimeegemea zaidi upande wa pili, lakini hakikuutupa ule wa kwanza. Msikilize anayesema "nina hamu nawe": hamwambii aliyeketi ubavuni pake, humwambia aliye mbali, na katika sauti yake kuna kuumia kidogo. Anayesubiri kwa hamu na ghamu anataja yote mawili, anachokitaka na uzito wa kukikosa, na sioni amekosea wapi.

Ila msemo huo hauwezi kubandikwa kila mahali. Mgonjwa asiye na hamu ya kula amekosa hamu tu, wala ghamu haimhusu. Na anayetuambia kwamba aliifungua zawadi "kwa hamu na ghamu", hali ameishika mikononi, hana tena cha kukikosa. Hapo mstari mwekundu wa mwalimu na ubaki.