Dhahabu Hutaka Siri, Fedha Hutaka Hewa Kavu

Wengi wakishanunua sarafu za dhahabu na za fedha huzitia zote katika sefu moja, wakafunga, wakaona kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapopingana nao. Dhahabu haijali hewa wala unyevu. Wa kuogopwa ni binadamu. Fedha, hata mwizi asipojua ilipo, huharibika humo humo ilimofungiwa.

Fedha haipati weusi kwa oksijeni kama chuma kinavyopata kutu. Mkosaji ni salfa, hasa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hata ikiwa kidogo sana hewani hujenga utando juu ya sarafu: kwanza wa manjano, kisha wa kahawia, mwisho mweusi. Unyevu huharakisha mambo. Na salfa hiyo mara nyingi tunaiingiza wenyewe kwa mipira ya kufungia noti, kitambaa cha sufu, kadibodi na magazeti.

Hatari kubwa zaidi, na isiyozungumzwa vya kutosha, ni plastiki laini ya PVC, ile ya vifuko vinavyonukia kama pazia jipya la bafuni. Ikizeeka hutoa asidi, na sarafu hupata ute wa kijani unaonata, ambao ukikaa muda mrefu hula uso wa fedha. Tazama alama ya pembetatu chini ya plastiki: namba 3 ni PVC, iepuke; 2, 4 na 5 ni salama. Isipokuwa na alama, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, gusisha plastiki, kisha urudishe waya motoni. Mwali wa kijani kibichi ni dalili ya klorini, yaani huenda ni PVC. Jaribio hilo lifanyie nje, maana moshi wake ni mbaya.

Ute ukishaingia, loweka sarafu dakika chache katika asetoni safi ndani ya bakuli la kioo, mbali na moto, isuuze katika asetoni nyingine, kisha iache ikauke yenyewe. Usitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ina manukato na mafuta. Usifute. Dawa za kung'arishia vyombo nazo huondoa weusi pamoja na ngozi ya juu ya fedha, na mnunuzi mzoefu huona mara moja. Sarafu nyeusi ambayo haijaguswa ni bora kuliko inayong'aa kwa kusuguliwa.

Kuna pia madoa meupe kama maziwa, yanayojitokeza hata kwenye sarafu iliyofungwa vizuri. Hayo husababishwa na utengenezaji, si uhifadhi. Yaache.

Kapsuli ya akriliki, yaani kikopo kigumu cha plastiki angavu cha sarafu moja, iwe ya kipimo cha sarafu yenyewe. American Eagle ya fedha, sarafu ya Marekani, ni milimita 40.6; Maple Leaf ya fedha, ya Kanada, ni 38. Ikicheza ndani, ukingo utachubuka. Kwa sarafu nyingi, mirija ya kiwandani inatosha: Eagle 20 kwa mmoja, Maple Leaf 25. Sanduku la sarafu 500 za aunsi moja lina zaidi ya kilo 15 na nusu za fedha, kwa hiyo usiliweke kwenye rafu ya mbao nyembamba. Ndani ya sefu weka silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu, ukilenga chini ya asilimia 50. Chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi, kwa saa mbili.

Sefu za kuzuia moto ni mtego. Kuta zake nyingi zimejazwa nyenzo yenye maji ndani yake, ndiyo maana hustahimili joto, na ndiyo maana hewa yake huwa na unyevu. Halafu chuma chake mara nyingi ni chembamba. Mtu mwenye mtaimbo haimchukui muda. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 961 na dhahabu kwa 1,064, kwa hiyo moto wa nyumba huharibu kapsuli kabla ya kuzifikia sarafu. Mimi ningelipia kinga ya mwizi kwanza, na sefu ningeifunga kwa boliti kwenye zege. Ile inayobebwa na watu wawili ni sanduku la kumrahisishia mwizi.

Kwa dhahabu, kinga kubwa ni kunyamaza. Maboksi ya mzigo yasitupwe mzima mzima, na picha zisikae kwenye simu inayozipakia yenyewe mtandaoni. Sanduku la benki nalo lina mipaka: hulifikii nje ya saa za kazi, na bima ya amana hailindi kilichomo. Ukitumia ghala la kulipia, dai sarafu zilizotengwa kwa jina lako. Bila hivyo wewe ni mdai tu.

Lakini siri ikizidi, mali hupotea na mwenyewe. Mtu mmoja unayemwamini ajue ilipo, na orodha itaje aina, mwaka, uzito na kipenyo. Andika wazi kwamba Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ina gramu 33.93 na si 31.1, kwa sababu ina aunsi moja kamili ya dhahabu (gramu 31.1) na juu yake imeongezwa shaba. Mrithi asiyelijua hilo atadhani amepewa bandia, au atakubali bei ya chuma chakavu.