Fundi wa AC Mbeya, nunua mzani kabla ya geji ya pili

Mafundi wenzangu wa AC za magari hapa Mbeya, nina ombi moja: tuache kujaza gesi kwa kutazama geji peke yake. Kila gereji ya AC, hata ile ya chini ya mparachichi, iwe na mzani wake wa kupimia gesi inayotoka mtungini kuingia kwenye gari.

Wengi wetu tulijifunzia kazi Dar es Salaam, au tulifundishwa na mtu aliyejifunzia huko. Sindano ikifika pale tulipoonyeshwa, tunafunga koki. Lakini presha ya gesi hufuata joto. Chukua mtungi wa R134a, gesi ya AC za magari mengi, uliotulia kivulini. Kwenye nyuzi 35 za Selsiasi geji itasoma psi (kizio cha presha) zaidi ya 110. Kwenye nyuzi 15 itasoma yapata 55. Mtungi ni uleule na gesi ni ileile. Sasa fikiria asubuhi ya Juni au Julai pale Uyole. Kondensa, ile rejeta ya kupozea gesi, inapoa mno, sindano inabaki chini ingawa gesi imeshatosha, na fundi anaongeza, kisha anaongeza tena. Mteja anaondoka ameridhika kwa sababu ndani ya gari kuna ubaridi, na hapa Mbeya huo ungeupata hata kwa kufungua dirisha! Gari likishuka Kyela au likifika Dar, presha ya upande wa juu inapanda, swichi inazima kompresa (pampu inayosukuma gesi), au kompresa yenyewe inaanza kulia mpaka inakufa. Hiyo ni hasara kubwa ya mtu aliyetuamini.

Gramu hazibadiliki kwa baridi. Stika ya chini ya boneti ikisema gari linataka gramu 500, ni 500 Mbeya, Makambako na Tanga. Sharti ni kwamba gesi ya zamani iwe imetolewa yote kwenye mtungi wake wa kuhifadhia, si kuachiwa hewani, na mfumo uwe umevutwa hewa kwa pampu. Ukiongezea juu ya gesi iliyobaki, mzani hauwezi kukwambia jumla.

Sasa, mzani upi? Wauzaji watakusifia uzito unaobebwa: kilo 50, kilo 100. Mtungi wa kawaida una gesi kilo 13.6, ongeza na chuma chake. Kilo 50 zinakutosha kabisa. Cha kuuliza ni kosa lake. Mzani wa kilo 100 ulioandikwa kosa la asilimia 0.5 ya uwezo wake wote unaruhusiwa kukosea gramu 500, yaani gesi yote ya gari dogo! Ule wa mshale wa kupimia magunia ya viazi usiufikirie hata kidogo.

Halafu uliza unaruka kwa gramu ngapi. Kwa gari, hatua ya gramu 5 si mbaya, ni asilimia 1 ya gramu 500. Lakini kama unatengeneza na friji za nyumbani zenye gesi ya R600a, ambazo nyingi hujazwa makumi machache tu ya gramu, gramu 5 ni kosa kubwa. Hapo tafuta wa gramu 1.

Mzani wa jikoni ni rahisi na unavutia, ila mingi mwisho wake ni kilo 5, na mingi hujizima yenyewe baada ya dakika chache. Ukijizima katikati ya kazi, hesabu yako imepotea. Kwangu mimi kujizima ni sababu tosha ya kuurudisha dukani.

Kabla hujalipa, ujaribu ukiwa na mzigo. Weka mtungi juu, rudisha sifuri, kisha ongeza jiwe la mzani la gramu 500 lenye mhuri wa Wakala wa Vipimo. Subiri kidogo, utoe, urudie. Namba ikicheza kila mara, achana nao.

Gerejini uweke mahali tambarare, pasipo upepo, na mpira wa geji usivute mtungi, maana mvuto huo nao unasomeka kama uzito. Kumbuka pia gesi inayobaki ndani ya mpira: mtungi umepungua, ila gesi hiyo haijaingia kwenye gari. Mwisho mwonyeshe mwenye gari namba, kisha andika gramu na tarehe kwenye karatasi ya gundi uibandike chini ya boneti, ili fundi wa Kyela au wa Dar ajue pa kuanzia.