Majibu ya Watoto Wetu Yarudi Nyumbani

Jumatatu mwanangu wa darasa la pili alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya daftari la Hisabati. Fomu ya ridhaa. Watafiti wanataka kukaa naye nusu saa, wacheze naye, wamwulize kuhusu kugawana, kusema ukweli na kumsaidia mwenzake. Mahali pa sahihi ya mzazi panangoja. Nimekaa na karatasi hiyo siku tatu, na sababu ni bibi yake.

Miaka miwili iliyopita walikuja wengine mtaani kwetu, hapa Morogoro. Walimkalisha dada yake, wakati huo ana miaka sita, kwenye mkeka barazani. Binti mmoja mpole, mwenye adabu zake, akampa biskuti tano na bahasha mbili: moja yako, nyingine ya mtoto usiyemjua na hutamwona. Gawa unavyotaka. Mtoto akaziangalia biskuti, akaziangalia bahasha, kisha akauliza, "Huyo mtoto ameshakula?"

Yule binti alitabasamu, akarudia maagizo neno kwa neno kama yalivyoandikwa. Mtoto akaweka tatu kwake, mbili kwa mwenzake. Kwenye dodoso ikaandikwa namba: 2. Lile swali halikuandikwa popote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya binti yule, niliona.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mchele. Walipoanza kufunga mabegi akawaambia, "Wanangu, majibu mtatuletea lini?" Wakajibu, "Tutawaletea, bibi." Wakatuachia mche wa sabuni na kilo ya sukari, tukashukuru. Mpaka leo mama akisikia hodi ya sauti asiyoijua, huuliza kama ni wale wa biskuti.

Nasema wazi: kumwahidi mzee kitu na usirudi ni kumvunjia heshima, hata ukiwa na digrii ngapi. Na njia wanaijua. Utafiti ukishapata kibali, barua hushuka mkoani, wilayani, katani, mpaka kwa mtendaji wa mtaa, naye humtuma mjumbe atuambie tusiogope. Ngazi zote hizo zinafanya kazi wakati wa kuja kuchukua. Wakati wa kurudisha hakuna barua wala mjumbe.

Jirani yangu anasema tukatae wote, basi. Sikubaliani naye. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Tukifunga milango, mtoto mwema ataendelea kupimwa kwa kipimo cha nyumba zisizofanana na zetu. Na milango ikifunguliwa, matunda yapo. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza mwaka 1954 kuzitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyowafuata na kuwalilia mama zao. Aliyoyaona kwenye nyumba zile yamo mpaka leo katika mafunzo ya malezi duniani kote.

Kwa hiyo sina ugomvi na utafiti. Nataka majibu yarudi, na siyatafuti kama zawadi. Nayataka kwa sababu maana ya majibu hayo iko kwetu.

Tazama utafiti mmoja uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2015. Watoto wa miaka 4 hadi 15 kutoka nchi saba, Uganda ikiwemo, walikalishwa wawili wawili na peremende katikati. Mmoja ana uwezo wa kukubali mgao au kuukataa, na akiukataa wote wanakosa. Nchi zote saba, watoto walikataa mgao unaowapunja wao wenyewe. Lakini kukataa mgao unaowapendelea, unaompunja mwenzao, kulionekana kwa watoto wakubwa wa nchi tatu tu: Marekani, Kanada na Uganda. Niliposoma hivyo kwenye simu, kwa Kiingereza, nilitamani kumsikia bibi mmoja wa Uganda akiulizwa: mjukuu wako kazikataa peremende nne, ulimfundisha nini? Hesabu inaonyesha mtoto kafanya nini. Kwa nini kafanya, wa kuulizwa ni aliyemlea.

Binti yangu naye alikuwa na sababu. Kwetu chakula hakigawiwi kabla ya kujua nani hajala. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, kwenye sinia. Laiti wangerudi na namba zao, wakakaa naye saa moja tu, angewaeleza kwamba zile mbili hazikuwa uchoyo wala ukarimu. Mtoto alikosa jibu la swali lake, akakisia.

Najua watafiti wengi ni wanafunzi, nauli yenyewe wanakopa. Najua pia kwamba jibu la mtoto mmoja peke yake halisemi kitu. Sawa. Lakini hela ya sabuni na sukari ilipatikana. Iingizwe na ya siku moja kwenye ofisi ya mtaa, mabenchi yale yale ya mikutano, mtu asimame atusomee kwa Kiswahili walichokiona, na sisi tumwambie alipokosea. Mimi ningepokea hicho na sukari wangebaki nayo.

Jambo jingine, kwa ufupi: mtoto akisema hataki, aachwe, hata kama mzazi ameshasaini.

Jana usiku nilimsomea mama fomu yote, akasikiliza mpaka mwisho. Nimesaini. Chini ya sahihi nimeandika kwa kalamu: "Nakubali. Bibi wa mtoto anaomba tarehe ya kuletewa majibu." Nimeacha mstari mtupu kwa ajili ya tarehe hiyo na namba yangu ya simu pembeni. Mtoto ameondoka nayo leo asubuhi.