Talaka za Ulaya na mbio za kuwahi mahakamani

Wanandoa walioishi nchi mbili tatu za Umoja wa Ulaya wanaweza kukuta mahakama za nchi zaidi ya moja zina mamlaka ya kuwapa talaka. Kanuni ya Brussels IIb, sheria ya Umoja inayosema mahakama ya nchi ipi isikilize mashauri ya ndoa na ya watoto, inayotumika tangu Agosti 1, 2022 katika nchi zote za Umoja isipokuwa Denmark, inatoa milango mingi: wanakoishi wote wawili, anakoishi mjibu maombi, hata anakoishi mleta maombi ikiwa amekaa huko mwaka mzima, au miezi sita tu kama ni raia wa huko. Mtanzania mwenye makazi Ujerumani naye yumo.

Milango yenyewe hainisumbui. Ninachogombana nacho ni sharti la kwamba shauri lililotangulia kufunguliwa ndilo linalosikilizwa. Mahakama nyingine husimama hadi ile ya kwanza iseme kama ina mamlaka. Kuwahi siku moja kunaweza kubadili sheria itakayotumika, na pengine kiasi cha matunzo. Kabla Uingereza haijajitoa, mawakili wa familia walizijua vyema mbio za London na Paris, kila mwenzi akitaka kuwahi mahakama inayomfaa.

Anayeumia ni yule aliyekuwa bado anaita wazee wakae kikao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya ombi la talaka. Ulaya, wakili makini atakuambia ufungue shauri leo, sulhu mtaitafuta baadaye.

Halafu kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019, chini ya kanuni iliyotangulia hii. Mume alifungua shauri la kutengana Italia mwaka 2007. Mke akaenda kudai talaka Romania mwaka 2009. Mahakama za Romania hazikusubiri, zikavunja ndoa. Italia ikatae kuitambua hukumu hiyo? Jibu lilikuwa kwamba ukiukaji huo peke yake hautoshi kuikataa. Sababu naielewa, kwani vinginevyo mtu angekuwa mtalaka Bucharest na mume wa mtu Roma. Lakini basi sharti linambana anayelitii tu!

Katika mashauri ya watoto, kanuni hiyohiyo inaruhusu, kwa nadra, mahakama kuiachia shauri mahakama ya nchi nyingine iliyo karibu zaidi na maisha ya mtoto. Kwenye talaka ruhusa hiyo haipo, na mabadiliko ya 2022 hayakuigusa. Mimi ningeiweka, hata kama kesi zitachelewa miezi kadhaa.