Sentimita Moja ya Mpemba

Kila inapotajwa kazi ya Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza waliochapisha mwaka 2016 kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa maji ya moto kupoa upesi kuliko ya baridi, hakosekani wa kunung'unika kwamba wakubwa wameona uchungu jambo la fizikia, lile dai kwamba maji ya moto huganda kabla ya baridi, kuitwa "athari ya Mpemba" kwa jina la Mtanzania. Nung'uniko hilo lina chanzo. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, mwaka 1963, alipohofia kukosa nafasi kwenye jokofu akatia maziwa yake ya aisikrimu yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yangali uji mzito. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Mwingine, alipofika sekondari ya juu, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likaigeuza dhihaka.

Lakini kuwaweka walimu wale na Burridge kapu moja ni kutowatendea haki. Walimu walikataa bila kutia hata kikombe kimoja kwenye jokofu, kwa kuwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu ilikwisha kuwajibia. Burridge na Linden walipima, wakapitia na vipimo vya wenzao, na walichokikuta ni kidogo hata kinatisha: kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita 1 tu ndani ya chombo, hiyo peke yake yaweza kuzaa tofauti inayofanana na ugunduzi. Sentimita moja ni upana wa kidole. Maji yanayopoa hayana joto moja juu na chini, na yeyote aliyewahi kuning'iniza kipimajoto kwa uzi katika maabara ya shule anajua ni mara ngapi kimesogea bila yeye kuona.

Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoulizwa na Mpemba swali lilelile huku wanafunzi wakicheka, aliahidi kujaribu, akampa kazi hiyo fundi wake wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Kisa hicho, kilichomo katika makala ya Mpemba na Osborne ya 1969, watu hukicheka, nami nakiri kwamba hunitia hofu, kwa sababu anayerudia mpaka apate "siyo" na anayeacha mara tu apatapo "ndiyo" wana ugonjwa mmoja, na wa pili hatumcheki kwa kuwa jibu lake linatupendeza.

Hata hivyo wakosoaji hawajamaliza kazi. Burridge na Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, ilhali Mpemba aliuliza kuhusu kuganda, na kati ya nyuzi 0 na barafu yapo mengi, kwani maji yaweza kushuka chini ya hapo yakabaki maji. Mwaka 2020, watafiti Kumar na Bechhoefer wa Kanada walionyesha tabia hiyo ya cha moto kupoa kabla ya cha baridi, ila kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, si kwa maji yenyewe. Na alichokitia Mpemba ndani ya jokofu la Magamba hakikuwa maji matupu, bali maziwa yenye sukari, yaliyochemshwa.