Mizani Inasingiziwa Bure

Kila msimu wa mitihani jibu ni lilelile: mshairi amepindua mpangilio wa maneno "ili kutosheleza vina na mizani". Mwanafunzi anaandika hivyo, anapewa alama yake, hadithi inaishia hapo. Vitabu vya shule vinaiita mbinu hii kuboronga sarufi, utadhani ni kosa ambalo mshairi amesamehewa kwa kuwa ni mshairi. Mimi sikubaliani kabisa.

Chukua mshororo huu: Ziwani nimeingia, nyavu zangu kuzitega. Hesabu silabi, ni nane kwa nane. Sasa urudishe kwenye mpangilio wa kawaida: Nimeingia ziwani, kuzitega nyavu zangu. Nane kwa nane tena! Maneno ni yaleyale, silabi zingepungulia wapi? Vina vimebadilika, hilo kweli. Lakini katika ule wa kwanza msikilizaji keshatoswa ziwani kabla hajajua nani kaingia wala anatafuta nini. Katika wa pili anapewa taarifa tu.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kule Ukerewe, alichapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yaliyoachana na vina na mizani ya kimapokeo. Katika shairi huru neno likitangulizwa, tutasingizia kina gani? Limewekwa pale kwa sababu mwandishi amelitaka pale.

Na wala si mbinu ya washairi peke yao. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii haina kina cha kulinda. Ukisema "mkunje samaki angali mbichi", umetoa agizo la jikoni. Ukimtanguliza samaki, unamweka kwanza mbele ya macho, mzima, halafu ndipo unasema afanywe nini. Wanaobanika samaki huku kwetu wanaujua ukweli wake kwa vidole: nyama ikiwa bado laini, mkia unapindwa mpaka ukutane na kichwa, naye anakaa hivyo hivyo juu ya moshi. Akishakauka, ukimpinda umemvunja. Methali imepangwa kwa utaratibu huohuo wa kazi, samaki kwanza, mkono baadaye. Ndiyo maana inashika kichwani.

Pita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi. "Sangara wameisha, dada. Sato nimekubakizia hawa wawili." Sato ametangulia kwa sababu ndiye mnunuzi anayemfikiria wakati huo. Hakuna aliyemfundisha muuzaji yule balagha, na sentensi yake imekaa sawasawa.

Kinachotupa uhuru huu ni viambishi. Kilatini kinaweza kuzungusha maneno kwa kuwa miisho ya nomino inaonyesha nani mtenda na nani mtendwa. Kwetu kazi kubwa ya namna hiyo inafanywa na kitenzi. Kiboko amezichana nyavu. Nyavu kiboko amezichana. Nyavu amezichana kiboko. Zungusha utakavyo, a- inamshika kiboko na -zi- inazishika nyavu, hakuna atakayedhani nyavu ndizo zilizomchana mnyama. Lakini uzito unahama. Ya kwanza ni habari. Ya pili ni kilio cha mtu anayetazama mali yake ilivyoharibika. Ya tatu inamficha mhalifu mpaka neno la mwisho, na mtunzi wa hadithi anayejua kazi yake ataichagua hiyo pale anapotaka msomaji angoje. Haya ndiyo ningependa wanafunzi waulizwe: neno lipi limetangulia, lipi limecheleweshwa, na ukiyarudisha mahali pake unapoteza nini?

Uhuru huo una mpaka, na waandishi wengi chipukizi wanauvuka bila kujua. Mvuvi mamba amemuua. Nani kafa? Wote wawili ni viumbe hai, wote wanachukua a- na -m-, kwa hiyo kitenzi hakiwezi kutuamulia. Kwa sauti, ukitua kidogo baada ya "mvuvi", msikilizaji ataelewa. Kwenye karatasi sauti hiyo haipo, na hapo mimi naandika "mamba amemuua mvuvi" bila kusita.